Je, wajua kwa nini kompyuta haiamini kila diski inavyojieleza?

Kila kompyuta inapowashwa, kabla hata faili moja halijasomwa, diski huamriwa ijitambulishe. Diski ya SATA, aina ya kiungo cha diski kinachotumika kwenye kompyuta nyingi, hujibu kwa baiti 512, yaani maneno 256 yenye biti 16 kila moja, na ndani ya jibu hilo mna jina la modeli, toleo la programu yake ya ndani, ukubwa wake, na biti nyingi ambazo kila moja inatangaza uwezo fulani. Kidhibiti, ile chipu inayoiunganisha diski na kompyuta, nacho kina rejista yake, yaani nafasi ndogo ya kumbukumbu iliyo ndani yake, ya kutangaza kile kinachokiweza. Mtu angedhani kwamba kazi ya kiendeshi, programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na vifaa hivi, ni kusoma biti hizo na kuanza kutumia kila kilichotangazwa. Lakini anayefungua msimbo wa libata, sehemu ya Linux inayohudumia diski za SATA, hukuta humo orodha ndefu ya modeli ambazo matamko yake hayafuatwi, au hufuatwa kwa masharti.

Sababu ni kwamba biti ya uwezo ni kauli ya mtengenezaji tu. Inaeleza alichokusudia kifaa kifanye, na haithibitishi kwamba kifaa kimejaribiwa pamoja na kila kidhibiti, kila ubao mama na kila mpangilio wa kazi kitakaokutana nao baada ya kuuzwa. Tena, kosa la diski lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa kosa la kadi ya picha huonekana kwenye skrini na kutoweka, ilhali data iliyoandikwa vibaya hubaki vibaya, na mara nyingi mwenye nayo huligundua jambo hilo miezi mingi baadaye, wakati hata nakala za akiba zimeshaurithi uharibifu huo.

Tuanze na jambo jepesi, foleni ya amri inayojulikana kwa jina la NCQ. Inairuhusu diski kupokea hadi amri 32 kwa pamoja na kuzitekeleza kwa mpangilio inaouona unafaa. Uwezo huu hauwezi kuwashwa kwa kauli ya upande mmoja: diski lazima iutangaze katika jibu lake la kujitambulisha, na kidhibiti cha AHCI (kanuni ya kawaida ya vidhibiti vya SATA) lazima kiutangaze katika biti ya 30 ya rejista yake. Kiendeshi makini huchukua kile tu ambacho pande zote mbili zimekikubali, kisha hukipitisha kwenye orodha ya vifaa vyenye kasoro zinazojulikana, na mwisho hukagua kama msimamizi wa mashine amekizuia mwenyewe.

Ugumu wenyewe ulionekana kwenye amri ya TRIM. Diski ya SSD, ile inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani zinazozunguka, haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kwanza kufuta eneo zima, kwa hiyo mfumo endeshi huiarifu kwa TRIM ni sehemu zipi zisizohitajika tena. Hapo awali amri hiyo haikuweza kuingia kwenye foleni, hivyo ilibidi amri zote zilizotangulia zimalizike ndipo TRIM ipite, na kasi ikaporomoka. Toleo la 3.1 la viwango vya SATA, la mwaka 2011, likaruhusu TRIM ya foleni, na Linux 3.12 ya Novemba 2013 ikaanza kuitumia kwa diski zilizoitangaza. Matatizo hayakuchelewa. Zilipatikana diski zilizotangaza uwezo huo na kushindwa kuutekeleza kwa usalama, na za kwanza kuingizwa kwenye orodha ya kuzuiwa zilikuwa za aina ya Crucial M500. Kwa modeli kadhaa zilizofuata, kama M550 na MX100, zuio liliandikwa kwa toleo moja tu la programu ya ndani, MU01, ili matoleo ya baadaye yaliyorekebishwa yasiadhibiwe kwa kosa la lililotangulia.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Samsung. Sasisho la programu ya ndani ya SSD yake ya 840 EVO lilileta hitilafu ileile iliyokwisha kuonekana kwenye 850 Pro, na waandishi wa libata wakaamua kuzuia TRIM ya foleni kwa mfululizo wote wa 800. Jambo hili linastahili kutazamwa vizuri: diski ambayo jana ilifanya kazi bila tatizo, leo baada ya kusasishwa inatangaza uwezo mpya, na kiendeshi ambacho hakikubadilika hata mstari mmoja kinaanza kuitumia kwa njia ambayo haikuwahi kujaribiwa.

Haki inadai kuongeza kwamba si kila uharibifu wa mwaka ule ulitoka kwenye diski. Kampuni ya Algolia, inayotoa huduma ya utafutaji mtandaoni, ilieleza mwezi Juni 2015 jinsi data ilivyokuwa ikipotea kwenye seva zake zenye SSD za Samsung, na wengi wakadhani ni TRIM ya foleni. Seva zile hazikuwa zikiitumia. Wahandisi wa Samsung waliichunguza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, wakakuta kosa katika namna ilivyozigawanya amri za TRIM kwenye diski zilizounganishwa kwa RAID 0, mpangilio unaogawa data kati ya diski kadhaa, nalo likarekebishwa.

Vidhibiti navyo hukosea katika kujieleza. Chipu ya ATI SB600 ilitangaza kwamba inaweza kuhamisha data kwa anwani za biti 64, lakini kwenye bao nyingi kumbukumbu iliyo juu ya gigabaiti 4 haikufikiwa sawasawa. Kiendeshi cha AHCI kikairudisha kwenye biti 32, na baadaye zikaruhusiwa bao chache zilizothibitika kuwa salama, kama ASUS M2A-VM yenye BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) ya tarehe 26 Oktoba 2007 au mpya zaidi. Namna kilivyofanya hivyo ni mfano mzuri wa uandishi wa viendeshi. Kinasoma rejista mara moja mwanzoni, kinaweka nakala yake kwenye kumbukumbu, kinaisahihisha nakala hiyo kwa kufuta biti zisizoaminika (au kuwasha zile ambazo kidhibiti kilisahau kuzitangaza, maana hilo nalo hutokea), na msimbo wote unaofuata huitazama nakala iliyosahihishwa. Kama kila sehemu ya kiendeshi ingeisoma rejista upya, ingetosha sehemu moja kusahau ubaguzi huo ili data iharibike.

Kuna pia kasoro zisizo za kifaa kimoja. Mwaka 2021 libata iliwekewa sharti kwamba Samsung 860 na 870 zinyimwe foleni ya amri pale tu zinapounganishwa na vidhibiti vyenye kitambulisho cha ATI, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006. Penginepo foleni inaendelea kutumika. Anayebadilisha diski ya kompyuta iliyotumika, kazi ya kila siku kwa mafundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue, anaweza kuutengeneza muungano wa namna hiyo bila kujua, kwa kuweka SSD mpya kwenye ubao wa zamani wa AMD.

Orodha za kuzuia zina udhaifu mmoja mkubwa: jina huingia baada ya mtu kuumia. Kwa sababu hiyo libata ina pia orodha iliyo kinyume chake. Diski nyingi hudai kwamba sehemu iliyopitishiwa TRIM ikisomwa itarudisha sifuri. Ahadi hiyo inahusu TRIM iliyotekelezwa, lakini TRIM yenyewe ni ushauri ambao diski ina ruhusa ya kuupuuza wote au sehemu yake kimyakimya. Anayejenga juu ya dai hilo RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa unaolinda data kwa hesabu za usawa, anaweza kupata hesabu zisizolingana na data. Kwa hiyo Linux huliamini dai hilo kwa modeli tu ambazo zimejulikana kulitimiza. Naamini TRIM ya foleni nayo ilistahili kuanza kwa njia hii. Pale ambapo kosa linapunguza kasi tu, inatosha kuzuia wanaojulikana kukosea. Pale ambapo linaweza kufuta kazi ya mtu, waruhusiwe waliothibitishwa.

Tahadhari huendelea hata baada ya mashine kuwaka. Hitilafu zikirudiarudia ndani ya dakika chache, libata hushuka ngazi kwa ngazi: huzima foleni ya amri, kisha hupunguza kasi ya kiungo, na hali ikizidi kuwa mbaya huacha hata uhamishaji wa data wa moja kwa moja kwenda na kutoka kwenye kumbukumbu. Kila hatua huandikwa kwenye kumbukumbu za matukio za kerneli, kwa hiyo fundi anayekuta diski imekuwa nzito aanze kuzisoma hizo. Zikionyesha kwamba foleni ilizimwa kwa wingi wa hitilafu, ajaribu kwanza kebo nyingine kabla ya kununua diski. Akishuku TRIM ya foleni kwenye modeli ambayo bado haijaorodheshwa, anaweza kuizima mwenyewe wakati wa kuwasha kompyuta kwa kigezo cha libata.force=noncqtrim.