Kodi ya kulala haifukuzi watalii

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba serikali ikimtoza mgeni kodi ya kulala hotelini, watalii watahamia kwingine. Ufaransa ilianza kuitoza mwaka 1910, na hadi leo ni miongoni mwa nchi zinazopokea wageni wengi zaidi duniani. Kwa kawaida kodi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli na bei ya chumba. Tozo kubwa ni habari nyingine: Bhutan, nchi ndogo ya Asia, ilipandisha yake hadi dola 200 kwa usiku mwaka 2022, kisha ikaikata nusu mwaka uliofuata. Kwangu mimi, jambo zito ni matumizi ya fedha hizo. Nchini Ufaransa, sheria inataka zirudi kuhudumia utalii wa eneo zilikokusanywa.