Chaneli Moja, Watazamaji Wawili: Dhana Potofu Kuhusu Habari za Ndani na za Kimataifa

Katika mapokezi ya nyumba moja ya wageni ya Area C, hapa Dodoma, televisheni iliyo juu ya kaunta huachwa kwenye BBC News, na wageni waliokuja kwa shughuli za Bunge hubishana wakisubiri chakula. Tangu tarehe 3 Aprili 2023, BBC ilipounganisha chaneli yake ya habari ya ndani ya Uingereza na BBC World News, ubishi huo hurudia madai yaleyale.

Dai la kwanza ni kwamba chaneli ikiwa moja, kila mtu huona picha ileile. Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kutwa London na Dodoma hutazama kipindi kimoja, lakini mikondo ya matangazo imebaki miwili. Likizuka jambo zito la Uingereza lisilowahusu sana watu wa nje, wahariri wanaweza kuutenga mkondo wa Uingereza ukashughulika nalo peke yake, huku sisi tukiendelea na habari za dunia. Wakati wa mapumziko, mgeni wa Area C huonyeshwa matangazo ya biashara, ilhali Mwingereza, ambaye ndiye mlipa ada ya leseni ya televisheni inayoigharimia BBC, haonyeshwi hata moja.

Wengine husema chaneli ziliunganishwa kwa sababu Waingereza wamechoka na habari zao wenyewe. Hapana, sababu ilikuwa fedha. Januari 2022 serikali yao ilizuia ada hiyo isipande kwa miaka miwili, ikabaki pauni 159 kwa mwaka, na Julai mwaka huohuo muunganisho ukatangazwa.

Dhana inayopotosha zaidi, hata kwa vijana wanaojifunza uandishi wa habari, ni kwamba mizani ya habari hupimwa kwa dakika, nusu za ndani na nusu za nje. Kwanza, mpaka wenyewe haueleweki kirahisi hivyo. Indonesia ilipopiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili 2022, habari ilitoka Jakarta, lakini kwa mkulima wa alizeti wa Singida, ambaye mafuta yake hushindana sokoni na yale yanayoagizwa kutoka nje, hiyo ilikuwa habari ya nyumbani. Pili, saa hazilingani: saa mbili usiku ya Dodoma, wakati familia zimekaa kusikiliza taarifa ya habari, ni saa kumi na moja jioni London majira ya baridi na saa kumi na mbili majira ya joto, na usiku wa Uingereza ukiingia chaneli huendeshwa kutoka Singapore na Washington.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye maelezo. Mtangazaji akisema Chancellor amewasilisha bajeti, mtazamaji wa Leeds hahitaji neno la ziada, lakini wa Dodoma anahitaji kuambiwa kuwa huyo ndiye waziri wa fedha. Sentensi hiyo moja humchosha wa kwanza, kama sisi tungechoka kuelezwa kila jioni kwamba Bunge letu linakaa Dodoma. Ikiachwa, wa pili hubaki nje ya habari. Mhariri anaweza kugawa dakika sawasawa kabisa na bado akawakosa wote wawili.

Wageni wa Area C wanalijua hilo bila kulitamka. Siku ya kusomwa bajeti, mwezi Juni, ikikaribia saa kumi jioni rimoti huchukuliwa kaunta na televisheni huhamishiwa Bungeni, na sijawahi kusikia hata mmoja wao akilalamika kwamba alasiri hiyo dunia haikupewa dakika zake.