Programu ya Msimbo Mmoja Si Lazima Iwe Tovuti Iliyofichwa

Wapo wanaoamini kwamba programu ya simu iliyoandikwa mara moja ili itumike kwenye Android na iOS si chochote ila tovuti iliyofichwa ndani ya ganda, na kwa hiyo haina budi kuwa nzito. Dhana hii ina asili yake: PhoneGap, zana ya kutengenezea programu za aina hii iliyoanza mwaka 2008, ilifanya hivyo hasa, kwa kuonyesha kurasa za tovuti (HTML) ndani ya kivinjari kilichopachikwa kwenye programu, na simu za wakati ule zililemewa kweli.

Zana zilizofuata hazifanyi hivyo. React Native, ambayo Facebook iliitoa mwaka 2015, huendesha mantiki ya programu kwa lugha ya JavaScript, lakini vitufe anavyoviona mtumiaji ni vile vile vya mfumo wa simu yake. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, ilifuata njia nyingine kabisa: msimbo ulioandikwa kwa lugha ya Dart hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla programu haijamfikia mtumiaji, kisha injini yake huchora kila kitu yenyewe kwenye skrini, jambo ambalo, kwa maoni yangu, huifanya wakati mwingine ionekane ngeni kidogo kwenye iPhone.

Uzito unaolalamikiwa leo mara nyingi hutokana na picha kubwa zisizopunguzwa, maombi ya mtandao yasiyo ya lazima, na kuchora upya skrini nzima pale ambapo neno moja tu limebadilika; makosa hayo humwandama hata anayeandika kwa Swift, lugha ya Apple yenyewe ya kuandikia programu za iPhone.