Mteremko wa Mstari Husomwa Kutoka Kushoto

Katika miaka ambayo nimefundisha hisabati sekondari, nimeona kuwa kinachowatatiza wanafunzi wengi kwenye grafu za mstari mnyoofu ni neno mteremko lenyewe. Barabara ya mlimani ni mwinuko kwa anayepanda na ni mteremko kwa anayeshuka, kwa hiyo mwanafunzi anapoambiwa kwamba mstari unaopanda una mteremko chanya, kauli hiyo humwia kama inajipinga. Shida hii huisha tukikubaliana kwamba kwenye grafu msafiri hutembea upande mmoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia: akipanda, mteremko ni chanya, akishuka, ni hasi, akipita tambarare, ni sifuri. Mstari wa wima, kama x = 3, hauna mteremko wowote, kwa sababu msafiri hasogei kulia hata kidogo, nasi hatuwezi kugawanya kwa sifuri.

Mteremko ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x. Tuchukue mlinganyo 2x + 3y = 12. Njia ya haraka ya kuuchora ni kutafuta mahali mstari wake unapokata mihimili. Ukiweka x = 0, unabaki na 3y = 12, hivyo mstari unakata mhimili wa y kwenye (0, 4); ukiweka y = 0, unapata x = 6, nao unakata mhimili wa x kwenye (6, 0). Nukta mbili zinatosha kuchora mstari, lakini mimi husisitiza ya tatu, kwa kuwa rula huunganisha nukta mbili zozote, hata zilizokosewa, ilhali nukta ya tatu ikiangukia nje ya mstari hufichua kosa papo hapo.

Ukiuliza mteremko wa mstari huo, wengi watajibu 2, kwa kuwa ndiyo namba iliyo mbele ya x. Namba hiyo huwa mteremko pale tu y inapokuwa imebaki peke yake upande wake. Tukipanga upya tunapata 3y = −2x + 12, na hatimaye y = −(2/3)x + 4. Hapo 4 inatuonyesha pa kuanzia kwenye mhimili wa y, na −2/3 inatuambia kuwa kila tukienda kulia vizio 3, tunashuka vizio 2. Kutoka (0, 4) tunafika (3, 2), kisha (6, 0), nukta ileile tuliyoipata kwa njia ya kwanza. Napenda sana wanafunzi waone wenyewe njia hizi mbili zikikutana.

Mstari unaopita kwenye nukta sifuri, kama y = 2x, hukata mihimili yote miwili mahali pamoja, kwa hiyo hapo tunaweza kutumia mteremko kupata nukta ya pili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa joto mlimani. Hukadiriwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kimo. Tukichukulia nyuzi 26 kwenye usawa wa bahari, joto T kwenye kimo cha kilomita h ni T = 26 − 6.5h. Mstari huu unakata mhimili wa joto kwenye 26, yaani pwani, na unakata mhimili wa kimo kwenye 4, yaani kilomita nne juu, mahali joto linapofikia sifuri. Kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kiko juu zaidi ya hapo. Mlima halisi haufuati mstari huu kikamilifu, kwani mawingu na saa za siku hubadilisha joto, lakini mwelekeo wake ndio huo.

Grafu hii pia inatufundisha kuangalia vipimo vya mihimili. Sentimita moja ikiwakilisha nyuzi 5 badala ya nyuzi 2, mstari utaonekana umelala zaidi, ingawa mteremko wake ni −6.5 uleule. Mteremko basi usomwe kutoka kwenye namba zilizoandikwa mihimilini, si kwa kuhesabu miraba ya karatasi, na hatua iwe ndefu: kutoka kilomita 0 hadi 4 joto linashuka kwa nyuzi 26, na kosa dogo la jicho katika kusoma nukta hupungua nguvu likigawanywa kwa hatua hiyo ndefu.