Dishi la mita moja: ujumbe unaozunguka si sheria ya Zanzibar

Ujumbe kwamba “dishi lisilozidi mita moja hakuna wa kukukataza kulifunga” umerudi tena kwenye magrupu ya wakaazi wa fleti. Kanuni hiyo ipo kweli, ila ni ya Marekani, ya 1996, na hata huko inahusu sehemu unayoitumia peke yako, kama roshani. Paa la pamoja halimo. Jina la nchi limedondoka njiani, ndiyo maana watu wanauamini.

Hapa Unguja soma mkataba wako, kifungu cha mabadiliko ya nje ya jengo, kabla fundi hajatoboa. Matundu ya skurubu juu ya paa yanaweza kumvujishia jirani maji ya masika. Mji Mkongwe nao una masharti yake ya uhifadhi. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.