Carmenère sio "Merlot ya Chile" jamani

Hii ya kusema Carmenère ni "Merlot ya Chile" imezidi sasa, mpaka wauza waini wanakwambia hivyo wakiwa wamekukazia macho. Ni aina mbili tofauti za zabibu nyekundu. Aina inaendelezwa kwa kukata kijiti cha mzabibu na kukipanda, kwa hiyo Merlot inabaki Merlot popote utakapoipeleka, haigeuki kitu kingine kwa kuvuka bahari. Basi, maana yake ndo hiyo.

Ila kuchanganya kwenyewe kuna historia yake. Zote mbili ni za Bordeaux, Ufaransa, na zina mzazi mmoja, zabibu iitwayo Cabernet Franc, ndo maana zinafanana hivyo. Karne ya 19 miche ikapelekwa Chile ikiwa imechanganyika, halafu huku nyuma mdudu filoksera akaimaliza mizabibu ya Ufaransa, na walipopanda upya Carmenère wakaiacha karibu yote maana ilikuwa msumbufu kuzaa. Chile wao wakaendelea na shamba lao la mchanganyiko, yote wanaita Merlot, hadi Novemba 1994 Mfaransa mmoja mtaalamu wa mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, alipoinama kwenye maua pale Viña Carmen, kampuni ya waini ya huko Chile, akakuta stameni (vile vijiti vya ua vinavyobeba chavua) zimejipinda. Za Merlot hazijipindi hivyo.

Na wala sio lazima usubiri maua. Geuza jani changa pale kwenye chipukizi uangalie chini yake, la Carmenère lina wekundu, la Merlot ni jeupe.

Kinachoniudhi zaidi ni hii ishu ya hoho. Carmenère inachelewa kuiva, wiki mbili tatu hivi nyuma ya Merlot, wakati mwingine hata nne, sasa mkivuna shamba zima siku moja kwa sababu mnadhani ni kitu kimoja, nusu ya mzigo ni mbichi na waini inanuka pilipili hoho, halafu mtu anakwambia eti hiyo ndo ladha ya udongo wa Chile! Udongo umekosa nini? Carmenère ina kaharufu hako kwa asili sawa, ila kakizidi hivyo ujue imevunwa kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo ukitaka kuzitaja pamoja sema ni ndugu wa mzazi mmoja, hakuna atakayekubishia. "Merlot ya Chile" ipo kweli, ni Merlot iliyolimwa Chile, labda tu ukishika chupa ya zamani, ya kabla ya 1994, hapo una haki ya kuuliza ndani kuna nini.