Uyoga unaotibu sonona: yanayosemwa na yanayojulikana

"Uyoga huo ni dawa ya kulevya tu, kama heroini." Kisheria havijaachana sana: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliiweka silosibini, kemikali iliyomo katika aina kadhaa za uyoga, kwenye jedwali la masharti makali kuliko yote, pamoja na LSD, kemikali nyingine inayobadilisha namna mtu anavyoona na kuhisi. Mwilini, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti. Heroini hushika vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na aliyeizoea akiikosa hupatwa na arosto. Silosibini hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na kwa saa nne hadi sita mtu huona, huhisi na hujielewa kwa namna nyingine. Mwili huizoea upesi, hata anayeirudia kesho yake haipati kwa nguvu ile ile. Arosto kama ya heroini haijulikani kwake.

"Ni ugunduzi mpya wa maabara za Wazungu." Wamazateki wa milima ya Oaxaca, Meksiko, waliutumia uyoga huu katika ibada za usiku za uponyaji tangu zamani. Mwaka 1955 mganga María Sabina wa Huautla de Jiménez alimkaribisha Gordon Wasson, Mmarekani aliyefanya kazi benki. Wasson aliandika habari hiyo mwaka 1957, wageni wakamiminika, polisi wakaja nyuma yao, na nyumba ya mama huyo ikachomwa moto. Albert Hofmann, mkemia wa Basel aliyetengeneza LSD, aliitenga silosibini mwaka 1958. Kwangu mimi, jina la María Sabina linastahili kutangulia la maabara yoyote.

"Dozi moja na sonona imekwisha." Hii ndiyo dhana inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inawafikia watu waliochoka kuumwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022 lilihusisha wagonjwa 233 wenye sonona sugu, yaani ambayo dawa za kawaida hazijaiondoa. Wengine walipewa miligramu 25, wengine 10, wengine 1, ambayo ni kidogo mno kuleta athari. Baada ya wiki tatu, asilimia 37 ya waliopata 25 walikuwa na nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 18 ya waliopata 1. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kwa ugonjwa mgumu namna hii si ndogo. Ila kufikia wiki ya kumi na mbili, waliobaki na nafuu hiyo katika kundi la miligramu 25 walikuwa asilimia 20 tu. Na katika makundi yote matatu walikuwepo waliopatwa na mawazo ya kujiua au kujidhuru. Kuna jambo jingine linalovuruga hesabu: aliyemeza dozi kubwa hujua mara moja kwamba ameipata, na matumaini nayo hutibu kiasi chake.

"Basi nitautafuta niule nyumbani." Katika majaribio, mgonjwa huchunguzwa kwanza. Mwenye historia ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, hakubaliwi, kwani dawa inaweza kuiamsha. Aliyekubaliwa hukutana na mtaalamu kabla ya siku yenyewe, husimamiwa kwa saa zote, kisha hurudi kuzungumza juu ya aliyoyapitia. Nyumbani hakuna hata kimoja. Na uyoga wa porini hufanana: upo unaoharibu ini hadi kuua.

"Dunia nzima imeshakubali." Australia iliwaruhusu baadhi ya madaktari wa akili kuwaandikia wagonjwa silosibini kuanzia Julai 2023. Marekani, Agosti 2024, mamlaka ya dawa ilikataa kuidhinisha MDMA, dawa nyingine inayobadilisha hisia, kwa majeraha ya kisaikolojia, ikitaka utafiti zaidi. Dawa iliyo karibu nasi ni ketamini, ambayo si saikedeliki hasa, yaani si ya kundi la silosibini na LSD, ingawa huleta hali inayofanana. Hospitali zetu huitumia kwa nusu kaputi, na jamaa yake esiketamini iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona sugu. Hunyunyizwa puani, kliniki, mbele ya mhudumu, na mgonjwa hubaki akiangaliwa kwa saa mbili.